Kufufua Datsun 240Z nyumbani Malindi: bati kwanza, injini baadaye

Mwanzisha uzi (Malindi)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Maswali kuhusu magari ya spoti ya zamani yamekuwa yakijitokeza hapa na pale, na majibu yake yametawanyika katika nyuzi nyingi, kwa hiyo nimeona nifungue huu mmoja niyaeleze niliyoyaona katika kulifufua gari langu, Datsun 240Z ya mwaka 1972, uani kwetu Maweni. Nitayaeleza kwa mpangilio ninaouona kuwa ndio sahihi kwa mtu anayeishi pwani, na mpangilio huo haufanani na ule wa bara. Mafundi wengi watakushauri uanze na injini, kwa kuwa injini ikishanguruma mwenye gari hupata moyo na fedha humtoka kwa hiari. Mimi nashikilia kwamba huku kwetu bati ndilo la kwanza. Injini iliyojazwa oili na kufunikwa vizuri inaweza kungoja mwaka mzima, lakini bodi iliyoanza kuliwa na chumvi haimngojei mtu.

Kwa wasiolijua gari lenyewe, Nissan ilianza kuliuza mwishoni mwa 1969, Japani likiitwa Fairlady Z na kwingineko Datsun 240Z. Injini yake ni L24 yenye silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kamshafti moja iliyokaa juu ya kichwa, na kabureta mbili. Kwetu Afrika Mashariki halikuhitaji kutangazwa. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena, mara hiyo baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun nyingine. Yale magari mekundu yenye boneti nyeusi ndiyo yaliyowafanya wazee wetu walitazame gari la Kijapani kwa heshima.

Jambo la kwanza la kuzingatia unaponunua ni kwamba Kenya hairuhusu kuingiza kwa njia ya kawaida gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo utafute lililokwisha kuwapo nchini. Ukipata la kuchagua, chukua lililolala bara, hata kama limechakaa na halina viti, kuliko lililong'arishwa ambalo limeegeshwa miaka mingi karibu na ufuo. Gari hili halina chesisi ya peke yake; bodi ndiyo chesisi. Reli mbili za bati zilizochomelewa chini ya sakafu ndizo zinazobeba mzigo, na zikioza, gari hukunjika taratibu hata kama rangi yake inakuonyesha uso wako.

Nenda ukiwa na sumaku iliyofungwa kitambaa na bisibisi yenye mpini mzito. Sumaku isiyoshika imekutana na faila, ule uji wa kujazia mabonde ya bati, iliyopakwa nene. Kisha gonga kwa mpini chini ya milango, ukianzia mbele kurudi nyuma: bati zima hutoa mlio mkali unaorudi mkononi, na bati lililooza hutoa sauti butu, huku ukisikia vipande vya kutu vikimwagika ndani. Sehemu za kukagua bila huruma ni sahani inayokalia betri, pembe ya bodi iliyo kati ya mlango na gurudumu la nyuma, shimo la tairi la akiba, na ukingo wa chini wa mlango wa buti. Zaidi ya zote ni lile tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele. Majani ya mkwaju au ya mwarobaini huingia humo, yakaziba njia ya maji, na maji hayo huanza kuila sakafu ya dereva bila mtu kujua.

Sasa kuhusu chumvi yenyewe. Watu hudhani kwamba gari likiwa halijaguswa na maji ya bahari liko salama. Chumvi ya kawaida huvuta unyevu wa hewa na kuanza kuyeyuka yenyewe pindi unyevu huo ufikapo asilimia 75 hivi, na usiku wa Malindi hupita hapo mara kwa mara. Maana yake ni kwamba vumbi la chumvi lililotulia ndani ya kizingiti cha mlango hugeuka majimaji kila usiku, hukauka mchana, na hugeuka tena usiku unaofuata, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa sababu hiyo kupaka rangi juu peke yake ni kujidanganya. Kutu ya pwani huanzia ndani, mahali ambapo hakuna brashi iliyowahi kufika.

Linalofuata ni maji ya kuoshea, na hapa wengi hupuuza. Visima vingi vya mji huu vina maji ya magadi au ya chumvichumvi, ambayo ukiyakausha kwenye bati lililo wazi yataacha pale pale kile ulichokuwa unakiondoa. Tumia maji ya bomba yatokayo Baricho, au maji ya mvua uliyoyakinga. Tena bati likishaoshwa na kukauka, lipakwe praima, yaani rangi ya msingi, siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Likilala wazi usiku mmoja, asubuhi utalikuta limevaa rangi ya machungwa.

La mwisho kwa leo ni banda. Wengi wetu tuna vibanda vya makuti uani, navyo ni vizuri kwa kivuli, lakini asithubutu mtu kuwasha grinda au mashini ya kuchomelea chini ya makuti. Cheche hupanda, hujificha kati ya kuti na kuti, na moto hutokea saa kadhaa baadaye, nyumba ikiwa imelala. Sogeza gari chini ya mabati au uwanjani, weka ndoo za mchanga, na tangi la petroli liwe limeshatolewa na kupelekwa mbali. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli ndio unaolipuka.

Mdau wa Watamu

Shukrani, kaka, kwa uzi huu. Mimi nina Alfa Romeo ya zamani ambayo Mwitaliano mmoja aliiacha alipohama, nayo ina kutu ya juu juu kila mahali. Nimeshauriwa niipulizie mchanga kwa kompresa, na mchanga tunao bure ufuoni. Je, unaona ni sawa?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, mchanga wa ufuoni usiutumie kabisa. Kwanza una chumvi, na kuurusha kwa nguvu ya hewa ni kuipigilia chumvi hiyo ndani ya vinyweleo vya chuma. Pili, vumbi la mchanga wenye silika huharibu mapafu, na madhara yake hayaponi. Tatu, hata mchanga safi ukipulizwa kwenye bati pana kama boneti au paa, hulipinda, na bati lililopinda namna hiyo halirudi. Kazi hiyo iachie vipande vinene, kama mikono ya saspensheni, tena ifanyike kwa changarawe za kioo au ganeti katika karakana yenye vifaa vya kujikinga.

Kwa vipande vinavyong'oka mimi hutumia molasi, ile ile wanayouza maduka ya pembejeo kwa ajili ya ng'ombe. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji katika pipa la plastiki, zamisha chuma chako, na ukiache kwa wiki moja hadi tatu kulingana na unene wa kutu. Juu ya pipa patafanya utando wa povu la kahawia, na harufu yake itawaleta majirani kuuliza kuna nini. Weka pipa upande ambao upepo hauelekei dirishani kwa mtu. Ukikitoa chuma na kukisugua kwa brashi chini ya maji ya bomba, kutu huteleza kama tope, na chini yake hutokea chuma cha kijivu kisichong'aa ambacho hakikupoteza hata nambari zilizogongwa kiwandani. Asali hii ya ng'ombe haili chuma kizima. Hata hivyo usitumbukize alumini wala vitu vya zinki, kwa hiyo kabureta na pampu ya petroli zisikaribie pipa hilo.

Kwa bati lisilong'oka, tumia brashi ya waya, msasa, kisha asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu iliyobaki kuwa fosfati ya chuma. Isafishe kwa namna ilivyoandikwa kwenye chupa kabla ya kupaka epoksi. Asidi iliyoachwa chini ya rangi huiinua.

Fundi wa bodi (Mombasa)

Nimefanya kazi ya kunyosha bodi kwa miaka mingi, na kwa heshima naomba nitofautiane na ndugu yetu kidogo. Si kila mwenye gari ana uwezo wa kukata bati na kuweka jipya. Mteja huja na fedha za wiki mbili, anataka gari la harusi. Faila ikiwekwa juu ya bati lililosafishwa vizuri hudumu, na sisi tumeona magari yaliyotengenezwa hivyo yakitembea hadi leo. Vilevile hujasema lolote kuhusu uchomeleaji, ambao ndio unaowashinda wengi wanaojaribu nyumbani.

Mwanzisha uzi

Fundi, hoja yako naipokea kwa sehemu. Faila ni ya kusawazisha bonde dogo juu ya bati zima, na kwa kazi hiyo haina ubaya. Ubaya wake ni inapozibishwa tundu. Huvuta unyevu kutoka upande wa nyuma, na kwa hewa yetu hii tundu lililozibwa hivyo huwa pana maradufu chini ya rangi kabla mwenye gari hajaona lengelenge la kwanza. Gari la harusi la wiki mbili ni biashara halali, lakini uzi huu ni wa mtu anayetaka kulirithisha gari lake.

Kuhusu kuchomelea, bati la bodi la zama zile halifiki milimita moja, na mashini ya kawaida ya vijiti, ile ya kutengenezea mageti, hulitoboa kabla hujafumba jicho. Tafuta ya MIG yenye waya mwembamba na gesi. Hapa mjini zipo za kukodi. Tumia bati jeusi la geji 20, yaani karibu milimita 0.9, kwa ngozi ya nje na sakafu, na geji 18, yaani karibu milimita 1.2, kwa zile reli. Bati la kuezekea lisitumike. Limepakwa zinki, na moshi wake ukivutwa huleta homa na kutetemeka usiku.

Kabla ya kukata sakafu au kizingiti, chomelea vyuma vya kushikilia mwanya wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na upime nafasi kati ya mlango na bodi pande zote na kuziandika. Nimeiona kazi ya karakana moja ambapo vizingiti vyote viwili vilikatwa kwa pamoja gari likiwa limeinuliwa katikati, na tangu siku hiyo milango ya gari lile haijawahi kufungika. Kata upande mmoja, malizia, ndipo uende wa pili. Kisha usichore mstari mrefu wa moto. Piga nukta moja hapa, nyingine mbali nayo, ruka upande wa pili, uache chuma kipoe mpaka uweze kukiwekea kiganja, ndipo urudi kujaza katikati.

Baada ya hapo kila kiungo kizibwe kwa lami maalumu ya viungo, tena kwa uvumilivu ule ule wa fundi wa jahazi anayepiga kalafati ubao kwa ubao, akijua kwamba bahari itautafuta ule mmoja aliouruka. Ndani ya vizingiti, milango na reli, ambako huoni, pulizia nta ya kuzuia kutu kwa bomba jembamba lenye tundu pembeni, na matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango uyaache wazi. Nta hiyo irudiwe kila mwaka. Kama fedha zako zinatosha jambo moja tu mwaka huu, naomba liwe hilo.

Rangi nitaipitia haraka, kwa kuwa fundi anaijua kuliko mimi. Ninachoweza kuongeza ni majira. Masika tusiyaguse, na kusi ikiwa imeshika hubeba mchanga hadi ndani ya nyumba. Asubuhi za Januari na Februari, umande ukishakauka na kabla kaskazi haijaanza kuvuma kwa nguvu, ndizo zinazofaa zaidi. Chuma kiwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone, kwa nyuzi 3 au zaidi, na tina ya kuchanganyia rangi iwe ya kukauka polepole, la sivyo rangi itapata ukungu mweupe. Rangi za kisasa zenye kigumishi zina sumu ya aisosayaneti. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Anayetaka kubaki na asili, mojawapo ya rangi za kiwandani za gari hili ilikuwa nambari 920, iliyopewa jina la Safari Gold.

Kijana wa Kilifi

Kaka, mimi nataka kuuliza upande wa kulifanyia gari mabadiliko. Rafiki zangu wanasema L24 ni ya makumbusho, kwamba niweke injini ya kisasa ya Toyota yenye tabo, nilishushe chini na nipanue madigadi. Wewe una msimamo gani?

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, gari ni lako, na mimi si katika wale wanaodhani kila bolti ina utakatifu. Msimamo wangu ni kwamba badilisha chochote unachoweza kukirudisha kwa spana, na ufikiri sana kabla ya kubadilisha kinachohitaji msumeno. Madigadi ya asili yakishakatwa hayapatikani Mombasa wala Nairobi, na thamani ya magari haya hupanda kwa yale yaliyobaki kamili.

Kuhusu kulishusha, kumbuka kwamba gari hili lilijijengea jina Afrika Mashariki kwa kuinuliwa. Ukilishusha, matuta ya barabara ya Malindi kwenda Kilifi yatakupangia kazi ya kubadilisha bomba la moshi kila mara. Weka shokomzoba mpya zenye ugumu wa wastani na springi za urefu wa asili, ubadilishe bushi zote za mpira, na utashangaa gari lilivyo jepesi mikononi.

Ukitaka nguvu zaidi bila kulikosea gari heshima, ipo njia ya ndani ya ukoo. L28, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,753, hukaa mahali pale pale, hushika gia boksi ile ile, na ilifungwa pia katika baadhi ya Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980. Ukoo huu wa L una faida nyingine kwetu. Spea nyingi za vali na rokaarmu zinaingiliana na injini za silinda nne za akina Datsun 160B na 180B, magari ambayo wazee wa maduka ya Kirinyaga Road kule Nairobi bado wanayakumbuka kwa majina. Usisahau kwamba kubadilisha injini, na hata rangi, lazima kuandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili kitabu cha gari kilingane na gari lenyewe. Mnunuzi wa kesho na kampuni ya bima watakuuliza hilo kabla ya kuuliza nguvu za farasi.

Kuna mabadiliko matatu ambayo ningeyafanya hata kwa gari ambalo nalitaka liwe la asili kabisa. La kwanza ni taa. Kiwandani umeme wote wa taa za mbele ulipitishwa kwenye swichi ya usukani na sanduku la fyuzi lililo ndani, na baada ya nusu karne viungio vya shaba vimeota kijani na hupata joto hadi plastiki inayeyuka. Ukiweka rilei mbili karibu na betri, swichi inabaki na kazi ya kuamuru tu, na taa huwaka maradufu. La pili ni kuondoa pointi, vile vigusanishi vya kuamuru cheche za plagi, ndani ya distribyuta na kuweka kipande cha kielektroniki kinachokaa ndani yake bila kuonekana. La tatu ni bomba za breki. Zile za chuma cha kawaida huoza hapa kwa kasi ya kutisha, na za mchanganyiko wa shaba na nikeli hazigusiki na chumvi, tena hukunjika kwa mkono.

Katika saspensheni ya nyuma utakutana na jaribu ambalo wenye magari haya duniani kote wanalijua, nalo ni ile pini ndefu ya chuma inayopita katika kikombe cha chini cha shokomzoba na kuushika mkono wa gurudumu. Kutu huiunganisha na kikombe chake ikawa kitu kimoja. Usiipige nyundo kwenye meno, kwani itavimba kichwa na haitatoka tena. Toa kwanza ile pini ndogo ya kabari iliyo katikati, loweka pande zote kwa mafuta ya kupenya siku kadhaa, pasha kikombe moto huku mpira ukiwa umeshatolewa, na uivute kwa kifaa cha kukaza nati, si kwa kuisukuma. Ikikataa, peleka kipande kizima kwa fundi mwenye presi. Pini mpya ipakwe grisi nyingi kabla ya kuingia.

Ngoma za breki za nyuma nazo ni za alumini zilizovikwa chuma kwa ndani, na alumini ikikaa juu ya chuma katika hewa ya chumvi huganda. Zina matundu mawili yenye meno. Kaza bolti mbili humo kwa zamu, nusu duara kila moja, na ngoma itasogea yenyewe. Vumbi la breki na klachi kuukuu lisipulizwe kwa kompresa, kwa kuwa za zama hizo zilitengenezwa kwa asibesto. Liloweshe, ulifute kwa kitambaa, na ukitupe.

Mshonaji viti (Mambrui)

Mimi hushona viti vya magari na vya mahoteli, na nimepokea dashibodi mbili za aina hii zikiwa zimepasuka kama ardhi ya kiangazi. Mwanzisha uzi hajagusa ndani, na ndani ndiko dereva anakokaa. Je, dashibodi inafaa kutengenezwa au kufunikwa?

Mwanzisha uzi

Dada, wewe ndiwe unayefaa kutufundisha. Ninachojua ni kwamba dashibodi hii ni ngozi nyembamba ya vinili juu ya sponji, na jua hukausha vinili hadi inavutika na kupasuka. Kuifunika kwa kifuniko cha plastiki ngumu huficha ufa, lakini sponji huendelea kumomonyoka chini yake. Mimi nilipendelea kuchonga nyufa ziwe pana kidogo, kuzijaza kwa sponji ya kunyunyizia na kisha gundi laini inayopindika, kusugua, na kuivika vinili mpya kwa joto. Tungefurahi ukitueleza uzi na gundi gani hustahimili jua letu.

Mshonaji viti (Mambrui)

Uzi uwe wa poliesta unaostahimili jua, kama ule wa kushonea matanga na mahema. Wa pamba huoza kwa jasho na unyevu, na wa nailoni wa kawaida huliwa na jua. Gundi iwe ile ya kustahimili joto kali. Ya kawaida ya dukani hulegea gari likifungwa vioo mchana. Nawasihi pia kwamba chini ya zulia msirudishe sponji inayonyonya maji. Nimefungua magari ambayo sakafu mpya ilioza ndani ya misimu michache kwa sababu ya zulia lililokaa limelowa.

Mdau wa Watamu

Na injini je? Umeisukuma mwisho hadi naona umeisahau.

Mwanzisha uzi

Sijaisahau, ila ndiyo sehemu iliyo rahisi zaidi katika gari hili. Bloku ni ya chuma na kichwa ni cha alumini, kwa hiyo adui ni maji ya rejeta. Watu husema kwamba huku hatuna barafu, basi kiowevu cha rejeta ni cha nini. Kazi yake kwetu ni kuzuia ulikaji, na bila hicho, hasa ukijaza maji ya kisima, alumini huliwa kuzunguka matundu ya maji hadi gasketi inakosa pa kukalia. Tumia kiowevu pamoja na maji yaliyotoneshwa.

Ukishafungua kichwa, kipeleke kwa fundi wa kukereza akipime kama kimepinda, na umwombe akague vikalio vya vali, kwa sababu magari mengi ya zama hizo yalizoea petroli yenye risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliiacha mwanzoni mwa 2006. Ukifunga, vali zipimwe injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa za kuingizia na 0.25 kwa za kutolea moshi, na mpangilio wa kuwasha ni 1-5-3-6-2-4. Kabureta zake zina pistoni inayopanda na kushuka ndani ya oili nyepesi. Oili hiyo ikikauka, gari husita unapokanyaga mafuta, na mafundi wengi hukimbilia kubadilisha plagi. Kama mlio wa injini hautulii gari likiwa limesimama hata baada ya kuzilinganisha kabureta, kagua shafti za klapu, kwa maana zikilika huvuta hewa pembeni. Fundi wa kukereza anaweza kutia bushi za shaba kwa gharama ndogo.

Mdau wa Lamu

Sisi wa kisiwani tunawasoma kwa husuda, maana huku gari la mtu ni punda na chombo. Hata hivyo ninalo gari moja la kale, ambalo nimeliegesha Mokowe kwa jamaa, na huenda nisiliendeshe mpaka baada ya masika. Nilihifadhi vipi?

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, lioshe kwanza kwa maji matamu, hasa chini na ndani ya madigadi, kisha uliendeshe mpaka likauke na injini ipate joto kamili. Kama tangi ni la chuma, lijaze pomoni, kwa sababu nafasi tupu ndiyo inayokusanya unyevu. Badilisha oili ya injini kabla ya kuliegesha, kwani oili iliyotumika ina asidi. Oili ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo kama imezidi miaka miwili nayo ibadilishwe. Toa betri uipeleke ndani, ongeza upepo wa matairi kidogo, na uachie breki ya mkono ili viatu visigande na ngoma. Weka vigingi vya mbao kwenye magurudumu badala yake.

Usilifunike kwa turubai la nailoni. Nailoni hufungia mvuke ndani, na gari huamka limelowa kila siku. Tumia kitambaa cha pamba kinachopumua, chini ya paa, mbali na upande wa bahari, na vioo uviache wazi upana wa kidole. Huyo jamaa yako asiwe akiliwasha dakika tano tano kila wiki kwa nia njema. Injini isiyopata joto kamili hukusanya maji ndani ya oili na bomba la moshi. Ama aliendeshe nusu saa kwa mwendo wa barabarani, ama aliache limelala.